Usichague Mpiga Picha wa Harusi kwa Megapikseli

Swali la kwanza ninaloulizwa na kamati za harusi hapa Dar es Salaam halibadiliki: "Kaka, kamera yako ina megapikseli ngapi?" Nikijibu 24, mjumbe mmoja hudakia kwamba simu ya mpwa wake ina 200, tena mpwa huyo atapiga bure. Mazungumzo ya bei hufia hapo. Nimelijibu swali hili kwa upole muda mrefu na bado linaulizwa, kwa hiyo leo nalijibu bila kuzunguka: namba hiyo haikuambii chochote kuhusu ubora wa picha utakazopata, na kamati inayomchagua mpiga picha kwa namba hiyo inachezea michango ya watu.

Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Basi. Inakueleza picha ina nukta ngapi, haikuelezi kila nukta imepata mwanga kiasi gani. Na harusi zetu nyingi hufanyika usiku, ndani ya ukumbi, ambako mwanga ndio unaotafutwa kwa tochi.

Chukua hiyo simu ya megapikseli 200. Kipande cha ndani kinachopokea mwanga kina ukubwa wa takriban milimita 10 kwa 7. Kwenye kamera za fremu kamili, ambazo wapiga picha wengi wa harusi wanazitumia, kipande hicho ni milimita 36 kwa 24. Piga hesabu mwenyewe: eneo la kamera ni kama mara 12 ya eneo la simu. Sasa katika kile kieneo kidogo zimebanwa nukta milioni 200, kila moja ikigombea mwanga kiduchu. Waliozitengeneza simu hizo wanalijua tatizo hili vizuri. Ndiyo maana simu ikiachwa ijiamulie huunganisha nukta 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12 na ushee. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kuuzia simu. Picha unayopewa na mpwa ina nukta nusu ya zangu.

Hata kama angezipata zote 200, angezipeleka wapi? Picha ya ukutani ya inchi 8 kwa 10, iliyochapwa kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji megapikseli 7.2. Ya inchi 12 kwa 18, ambayo ni kubwa kwa sebule nyingi, haifikishi 20. Televisheni ya 4K inaonyesha nukta kama milioni 8 tu. Na picha nyingi za harusi yako zitatazamwa WhatsApp, ambayo huzibana kabla hazijafika kwa shangazi aliyeko Mwanza. Watengenezaji wa kamera za kazi nao hawakimbizani na namba hiyo kila mara: Canon walitoa 5DS yenye megapikseli 50 mwaka 2015, na mwaka 2020 wakatoa R6 yenye 20. Iliyo bora zaidi gizani ni hiyo ya 20.

Twende ukumbini sasa, maana huko ndiko pesa yako inakopotelea.

Saa tatu usiku. MC anaomba watu wasimame, taa kubwa zinazimwa, bibi harusi anaingia. Wapambaji wamemulika kuta kwa taa za zambarau na buluu, DJ naye ana zake zinazozunguka. Gauni ni jeupe pe, uso ni wa maji ya kunde au mweusi, na vyote viwili vinatembea. Kamera yoyote inayojipimia mwanga yenyewe ikikutana na gauni jeupe lililojaza picha mara nyingi hudhani mwanga ni mwingi, hupunguza, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Ikipima kwa kufuata kuta nyeusi za ukumbi hufanya kinyume: hukoleza mwanga, na gauni linageuka bonge la weupe lisilo na mkunjo wala shanga hata moja. Fundi aliyelipwa laki kadhaa kuzishona hizo shanga ameshonea bure.

Halafu kuna hiyo buluu. Katika kamera nyingi, na za simu pia, kati ya kila nukta nne mbili husoma kijani, moja nyekundu na moja buluu. Ukimulikwa kwa taa ya buluu tupu, robo tu ya nukta ndizo zinazofanya kazi yake sawasawa. Wekundu uliomo ndani ya ngozi yetu, ule unaoupa uso uhai, haujarekodiwa popote. Ndipo ninapoambiwa, "Si utarekebisha kwenye kompyuta?" Hapana. Kompyuta inarekebisha kilichorekodiwa. Rangi ambayo haikuingia kwenye kamera na shanga zilizofutwa na mwanga haziwezi kurudishwa na mtu yeyote, awe nani.

Taa zenyewe nazo zina jambo. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Kamera ikipiga kwa kasi isiyolingana na taa hizo inaona: unapata mistari ya giza imekatiza picha nzima, na kwenye video unapata mawimbi yanayopanda na kushuka.

Simu hujitetea kwa kupiga picha kadhaa upesi upesi na kuziunganisha, kisha kulainisha ngozi na kuipandisha mwanga. Watu wakitulia, matokeo yanapendeza kwenye kioo kidogo. Wakicheza, mikono inakuwa miwili miwili. Na ngozi? Mama mzazi anatazama picha na kusema mwanangu hayuko hivi. Ana haki ya kusema. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi nyeusi ikatoka ilivyotoka. Mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6 walitangaza kwamba wameishughulikia kamera yake ili itoe ngozi nyeusi kama ilivyo. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo haikuwa sawa, na simu nyingine nyingi mpaka leo hukung'arisha bila kukuuliza.

Mpiga picha unayemlipa anapambana na haya yote kwa mkono. Anapima mwanga wa uso, si wa gauni. Ana lenzi yenye tundu kubwa linaloingiza mwanga mwingi. Flashi yake anaigeuza impige bibi harusi kupitia dari nyeupe au ukuta, na ukumbi ukiwa na dari nyeusi ameshasimamisha taa zake pembeni kabla wageni hawajaketi. Amezungumza na DJ apunguze buluu dakika tano za kuingia maharusi. Anajua ndafu itapitia mlango gani, na MC akisema "walishane keki" yeye ameshafika upande ambao mabega ya wapambe hayatamziba. Mambo haya hayauzwi pamoja na kamera.

Kwa hiyo ukienda kumwona mpiga picha, achana na megapikseli. Omba akuonyeshe harusi moja nzima, tangu kuvaa hadi kufunga ukumbi, na uanze na picha za usiku. Ukurasa wa Instagram una picha kumi bora za mwaka mzima na hautoshi kumpimia mtu. Muulize nani hasa atakuja siku yenyewe, yeye au kijana wake, na jina hilo liandikwe. Muulize kama ana kamera ya pili, na kama kamera yake inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, maana kadi hufa na ndoa hairudiwi. Mkataba utaje saa za kazi, idadi ya picha zilizosafishwa, tarehe ya kukabidhi, kinachofanyika akiugua, na kama anaruhusiwa kuzitumia picha zako kujitangaza. Akikuahidi droni, akuonyeshe kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa shughuli za wanawake Pwani na Visiwani, tafuta mpiga picha mwanamke mapema, wako wachache na wanawahiwa. Na kubalianeni kwa maandishi kwamba hakuna picha ya shughuli hizo itakayotoka nje ya familia. Bajeti ikibana, punguza saa, usipunguze ubora: mtu mzuri kwa saa nne, kanisani au kwenye nikahi hadi keki, ni bora kuliko mbabaishaji wa kutwa. Albamu inaweza kusubiri mwakani. Mafaili yenye ukubwa kamili hayasubiri. Yadai kwenye diski, usiyapokee kwa WhatsApp. Malipo ya awali yapitie njia yenye kumbukumbu, na salio lilipwe kwa awamu, ya mwisho ikibaki hadi picha zikabidhiwe. Mpeni chakula, na ratiba ya MC mpeni siku moja kabla.

Picha zikishafika mkononi, zihifadhi sehemu mbili tofauti siku hiyo hiyo. Kama mkataba haukusema vinginevyo, mpiga picha hana wajibu wa kukutunzia miaka yote, na diski zake hujaa kila msimu wa harusi.