Mwalimu wa Kiingereza na Sikio Lake Mwenyewe

Yako makosa ya mwanafunzi, na yako makosa ya sikio la mwalimu. Na mwalimu asiyezoea kujihoji huyahesabu yote kuwa ya mwanafunzi. Nia ya makala haya ni kueleza, kwa mfano mmoja wa matamshi, namna mwalimu wa Kiingereza awezavyo kuitafakari kazi yake.

Donald Schön, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alipambanua tafakuri ya namna mbili: ile aifanyayo mtu akiwa kazini, na ile aifanyayo kazi ikiisha. Mimi nilichelewa katika zote mbili.

Katika ujana wangu nilifundisha katika shule moja ya sekondari huko Shinyanga. Nimekulia Kiswahili, lugha ya irabu tano. Nilipofundisha tofauti ya “ship” na “sheep”, nilieleza urefu tu: hii fupi, hii ndefu. Wengi waliirefusha irabu ile ile, nami nikaridhika. Mwanafunzi mmoja alitamka neno la kwanza kwa irabu nyingine kabisa, nikamsahihisha, na katika daftari langu nikaandika: “Hawa hawasikii tofauti.”

Miaka ilipita. Nikiwa ng’ambo kwa masomo ya udaktari, nilisoma kitabu cha Herman Batibo juu ya Kisukuma, kilichotolewa kwa Kifaransa mwaka 1985. Kisukuma kina irabu saba: baina ya “i” na “e” ipo moja, na baina ya “u” na “o” ipo nyingine. Jina lenyewe la lugha ni ushahidi: sisi twaandika Kisukuma, naye Batibo aliandika Kesukuma, kwa kuwa irabu ya kiambishi hicho si “i” wala “e” tuzijuazo.

Sasa, irabu ya “ship” si ile ya “sheep” iliyofupishwa; ulimi hushuka kidogo kuelekea “e”. Ndivyo ilivyo pia kwa “full” na “fool”. Sisemi kwamba irabu za Kisukuma ni sawasawa na za Kiingereza. Nasema kwamba sikio la mtoto yule lilikwisha kuzoea kutenga sauti ambazo langu lilizichanganya. Aliyekuwa hasikii ni mimi.

Hata hivyo, jambo hili lisifanywe kanuni ya kila mahali. Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, una Wazinza, una Wasukuma wengi, na una watu waliofuata dhahabu kutoka pande nyingi. Kizinza na Kihaya zina irabu tano. Basi wanafunzi wawili wa dawati moja waweza kuhitaji mafunzo mawili.

Kwa hiyo mwalimu, somo likiisha, aandike kwanza lililosikika, si hukumu yake. Kisha ajiulize: Nilieleza nini hasa? Mwanafunzi alitamka nini hasa? Lugha ya kwao inampa nini ambacho yangu haikunipa? Kesho abadili jambo moja tu, asikilize tena.

Kazi hiyo si ndogo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza katika karibu kila somo la sekondari. Akiambiwa hasikii, hunyamaza. Na akinyamaza katika Kiingereza, amenyamaza katika hesabu na elimu ya viumbe pia.