Samaki Mla Konokono na Kichocho cha Ziwa Nyasa

Kichocho hakitoki kwa mgonjwa mmoja na kumwingia mwingine moja kwa moja. Sharti kipitie kwa konokono. Mayai ya mnyoo yatokayo na mkojo au kinyesi huanguliwa majini, na viluwiluwi vyake huzaliana mwilini mwa konokono. Kisha hutoka kwa wingi na kupenya ngozi ya aogaye, afuaye au avuaye.

Katika Ziwa Nyasa yumo samaki aitwaye Trematocranus placodon, mwenye meno mapana kooni ya kusagia magamba ya konokono. Wataalamu waliochunguza pwani ya Cape Maclear, Malawi, walihusisha kuongezeka kwa kichocho huko na kupungua kwa samaki huyu, aliyevuliwa kupita kiasi tangu miaka ya 1980. Ndege nao hushiriki: korongo mwenye pengo katikati ya mdomo hula konokono wakubwa wa vinamasini. Lakini konokono wadogo wa kichocho, wajifichao mchangani chini ya maji, huwindwa zaidi na samaki.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, ila haimkingi mtu asiambukizwe tena arudipo ziwani. Kwa hiyo, mhudumu wa afya anapompa mgonjwa dawa na kumhimiza kutumia choo, amweleze pia madhara ya kukokota nyavu zenye matundu madogo ufuoni. Samaki anayeachwa majini leo ni kinga ya mtoto atakayeoga kesho.