Ulimwengu Unatanuka, Mbona Nyota Bado Zinazaliwa?

Ikiwa ulimwengu unatanuka kila kukicha, gesi inajikusanyaje hadi nyota izaliwe? Swali hili halina upuuzi wowote. Jibu fupi ni kwamba kutanuka hakufui dafu mbele ya uvutano pale vitu vilipokaribiana.

Mfano uko juu yetu. Jioni za Januari na Februari, kundi la nyota liitwalo Orioni huwa juu kabisa katika anga la Afrika Mashariki. Kusini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari kuna doa la ukungu, unaloweza kuliona kwa macho matupu mahali pasipo na taa. Ni wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, na humo nyota zinazaliwa sasa.

Wengi hudhani nyota huanzia penye moto. Sivyo. Huanzia penye baridi kali, nyuzi 260 hivi chini ya sifuri, kwa sababu gesi yenye joto husukumana na kutawanyika. Ikipoa, uvutano huishinda nguvu. Bonge huanza kujiporomokea lenyewe huku likizunguka, na kadiri linavyobanana ndivyo kitovu chake kinavyochemka. Joto likifika nyuzi milioni 10 hivi, viini vya haidrojeni huungana kuwa heli, na nishati inayotoka huuzuia mporomoko usiendelee. Nyota ya ukubwa wa Jua huchukua miaka milioni 50 hivi kukamilisha kazi hiyo. Vumbi linalobaki likiizunguka ndilo hutengeneza sayari. Darubini ya Hubble imepiga picha za sahani nyingi za vumbi hilo huko Orioni. Kilimia, kundi la nyota linalojulikana sana kwa wakulima, kimeshapita hatua hiyo: nyota zake zina umri wa miaka milioni 100 hivi, nalo Jua lina bilioni 4.6.

Na habari ya ulimwengu kutanuka ilianzia kwenye bamba la kioo la kupigia picha. Oktoba 1923, katika kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson, California, mwanaastronomia Edwin Hubble alilipiga picha doa la ukungu liitwalo Andromeda, akaandika herufi N, ya “nova”, kando ya nukta aliyoidhani ni nyota iliyolipuka. Baadaye aliikata herufi hiyo, akaandika “VAR!”: nyota hiyo ilikuwa inafifia na kung'aa kwa mpigo. Mwanaastronomia Henrietta Leavitt alikwisha kuonyesha, mwaka 1912, kwamba urefu wa mpigo huo hufichua mng'ao halisi wa nyota, na kwa hiyo umbali wake. Kwangu mimi, huyu mama alistahili sifa kubwa kuliko aliyopewa. Kwa kipimo hicho, Andromeda ikathibitika kuwa galaksi nyingine kabisa.

Mwaka 1929 Hubble akatangaza kwamba galaksi zilizo mbali zaidi zinatukimbia kwa kasi zaidi, dalili ya ulimwengu unaotanuka. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alikwisha kuandika jambo hilo miaka miwili kabla. Leo kasi hiyo inakadiriwa kuwa kilomita 67 hadi 73 kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26, na wapimaji bado wanabishana.

Andromeda yenyewe haitukimbii. Inatujia kwa kilomita 110 hivi kwa sekunde, maana uvutano umeishika pamoja na galaksi yetu. Na galaksi zikivutana hadi kugongana, gesi yake hubanwa na nyota huzaliwa kwa wingi, kama inavyotokea sasa katika zile mbili ziitwazo Antennae.