Kishikio cha Betri: Je, Mpiga Picha wa Kinole Anakihitaji?

Katika Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, siku ya kumtoa mwali haina marudio. Binti hutolewa nje mara moja tu, mbele ya wajomba na shangazi zake, na ngoma hulia tangu asubuhi. Mpiga picha aliyekodiwa akiishiwa na betri saa tisa alasiri, hakuna malipo yatakayoirudisha saa hiyo. Kwa sababu hiyo, mwenye kamera aliyekwisha kupata kazi za ngoma na harusi hujiuliza mapema kama inampasa kununua kishikio cha betri. Swali hili huonekana kuwa la biashara, lakini jibu lake limo katika masomo ya umeme yanayofundishwa kidato cha pili na cha tatu.

Kishikio cha betri ni kijisanduku kinachofungwa chini ya kamera kwa skrubu, katika tundu lile lile linalotumika kuifungia kamera kwenye tripodi. Ndani yake hukaa betri ya ziada, na katika vingine trei ya betri ndogo mithili ya zile za tochi. Ubavuni kina kitufe cha pili cha kupigia picha, ili kamera inaposimamishwa wima mkono ushike kama ulivyoshika ilipokuwa imelala. Asili yake ni ya zamani. Kamera za filamu kama Nikon F, iliyotokea mwaka 1959, ziliweza kufungiwa chini yake mota ya kuvutia filamu, na mota hiyo ilihitaji betri zake yenyewe. Filamu imekwisha kuondoka katika kazi nyingi. Kijisanduku cha chini kimebaki, ila kazi yake imebadilika.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kishikio hakizalishi nishati. Ni ghala tu. Na ichukuliwe kwa mfano kamera ya Canon EOS 80D, ya mwaka 2016. Betri yake, LP-E6N, ina volti 7.2 na miliampea-saa 1,865. Ukizidisha volti 7.2 kwa ampea-saa 1.865 hupatikana wati-saa 13.4, na kwa kuwa wati-saa moja ni sawa na jouli 3,600, betri iliyojaa huhifadhi jouli zipatazo 48,000. Kwa kipimo cha chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, kinachofanywa katika nyuzi 23 za sentigredi, kamera hiyo hupiga picha 960 mpigaji akilenga kwa kuchungulia katika kitundu cha jicho. Maana yake ni kwamba kila picha hutumia jouli zipatazo 50. Lakini mpigaji akilenga kwa kutazama kioo cha nyuma, betri ile ile hupiga picha 300 tu, na kila picha hugharimu jouli 160.

Hesabu hiyo yafaa kuangaliwa kwa makini. Mpigaji anayetumia kioo cha nyuma, akifunga kishikio chenye betri mbili, atafikia picha 600. Mwenzake asiye na kishikio, mwenye betri moja, akichungulia kitunduni atafikia 960. Kuzima kioo kumezidi kununua chombo, wala hakugharimu hata senti. Aghalabu betri huisha mapema kwa sababu mpigaji huwaonyesha wageni kila picha aliyoipiga, akaacha kioo kikiwaka muda wote wanapochekeana. Hakuna ubaya katika kuwafurahisha wageni, ila jouli hizo nazo zihesabiwe.

Kwa kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake, hoja hii hupungua nguvu. Kitundu chake cha jicho nacho ni kioo kidogo kinachowaka kwa umeme. Sony a7 III ya mwaka 2018, kwa kipimo kile kile, hupiga picha 610 kwa kitundu na 710 kwa kioo cha nyuma. Yaani kuchungulia kunatumia zaidi. Mwenye kamera ya namna hiyo hana njia rahisi ya kuibana nishati, na betri ya pili kwake ni ya lazima.

Hata hivyo, betri ya pili yaweza kukaa mfukoni. Betri mbili, moja katika kamera na nyingine mfukoni, zina nishati sawasawa na betri mbili zilizomo katika kishikio. Tofauti ni ule muda wa kubadilisha, ambao kwa mkono uliozoea haufiki nusu dakika. Je, hakuna faida nyingine yoyote ya umeme katika kuziweka pamoja? Ipo, nayo yatokana na ukinzani wa ndani.

Kila betri ina ukinzani ndani yake, nao huongezeka betri inapozeeka. Mkondo unapopita, sehemu ya volti hupotea humo humo na kugeuka joto. Tuseme betri iliyochakaa ina ukinzani wa omu 0.2, na kamera, mota ya lenzi inapozunguka, inavuta ampea 2. Volti zinazopotea ni 0.4, na joto ni wati 0.8. Katika vishikio vinavyounganisha betri mbili sambamba, kila moja hutoa ampea 1 tu. Volti zinazopotea huwa 0.2, na joto la betri zote mbili pamoja ni wati 0.4. Kwa hiyo betri mbili zilizochoka, zikibeba mzigo kwa pamoja, hutoa kazi zaidi kidogo kuliko zikifuatana. Lakini si vishikio vyote vifanyavyo hivyo. Katika kamera nyingi za Nikon, mathalani, mpigaji huchagua katika orodha ya mipangilio betri ipi itangulie, ya kishikioni au ya ndani, na ya pili hungoja zamu yake.

Wanafunzi wanaweza kuliona jambo hili darasani kwa betri mbili za tochi zilizochakaa, za aina moja na umri mmoja, balbu ya tochi na voltimita. Kwanza ipimwe volti ya betri moja bila balbu, kisha ipimwe balbu ikiwa inawaka. Volti itashuka. Halafu betri ya pili iunganishwe sambamba na ya kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kipimo kirudiwe: mshuko utapungua, na balbu itaongeza mwanga. Betri za kamera, ambazo ni za lithiamu, zisitumiwe kamwe katika jaribio hili, kwa kuwa zikigusanishwa ncha kwa ncha zaweza kuwaka moto.

Kuna kamera chache ambazo kishikio huziongezea kitu ambacho betri ya mfukoni haiwezi kukitoa, nacho ni mwendo. Nikon D700, iliyotoka mwaka 2008, hupiga picha 5 kwa sekunde. Ikifungiwa kishikio chake, MB-D10, hupiga 8. Wengi walinunua kishikio hicho, wakatia ndani betri ya pili ya aina ile ile iliyomo katika kamera, wakashangaa kuona mwendo haukubadilika. Siri ni volti. Betri ya kawaida ya kamera hiyo ina volti 7.4, seli mbili za lithiamu zikiwa katika mfuatano. Mwendo wa picha 8 wahitaji betri kubwa ya volti 11.1, yaani seli tatu, au betri ndogo nane zilizopangwa katika mfuatano. Mota ya kamera huzunguka upesi zaidi kwa volti kubwa. Kuongeza ujazo wa ghala bila kuongeza volti hakuiharakishi.

Vitabu vya maelekezo na watangazaji wa ng'ambo husifu pia vishikio kwa sababu ya baridi. Ni kweli kwamba betri ya lithiamu hudhoofika katika baridi kali, kwa sababu mwendo wa ioni katika umajimaji wake hupungua na ukinzani wa ndani hupanda. Apandaye Kilimanjaro, mita 5,895, ataliona hilo kileleni. Lakini halijoto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, na hata Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru chenye mita zipatazo 2,600, hakifiki baridi ya kuitia betri mashakani. Kinole iko chini zaidi, katika mashamba ya migomba, karafuu, pilipili manga na mdalasini. Hoja ya baridi si ya huku.

Adui wa huku ni unyevu. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hukutana na Uluguru upande wa mashariki, hewa ikapanda, ikapoa na kumwaga maji yake. Ndiyo maana miteremko hiyo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali mji wa Morogoro, ulio upande wa pili, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Sasa, kishikio huongeza viungo: vibati vya shaba vinavyogusana, mlango wa trei, na mshono kati ya kishikio na kamera. Vibati vikipata kutu kidogo tu, hata ukinzani wa omu 0.1 katika mguso huiondolea kamera volti 0.2 kila inapovuta ampea 2. Kamera hudhani betri imekwisha, hujizima, na kumbe nishati ingalimo. Vishikio vya bei nafuu, visivyotengenezwa na kiwanda cha kamera yenyewe, aghalabu huwa na udhaifu zaidi hapo. Mwenye kishikio Kinole hana budi kuvifuta vibati hivyo kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi ya masika.

Yabaki mambo ya mkono. Picha nyingi za mwali na za harusi ni za watu waliosimama, na kamera husimamishwa wima. Bila kishikio, kiwiko cha kulia huinuka hewani na kifundo cha mkono hupinda. Jambo dogo kwa picha kumi, kubwa kwa picha mia nane. Hapa ndipo kishikio kinapostahili bei yake zaidi kuliko penginepo. Kwa upande mwingine, pamoja na betri yake ya pili huongeza theluthi ya kilo hivi. Anayepanda msituni kumtafuta ndege aitwaye kwa Kilatini Malaconotus alius, ambaye hapatikani popote duniani ila Uluguru, na ambaye hukaa juu kabisa katika matawi, atausikia uzito huo shingoni kabla ya kumwona ndege.

Kuna kazi ambayo ghala kubwa la nishati ndilo kila kitu: kamera za kutegwa porini, zinazojipiga zenyewe mnyama apitapo. Hapo hapana mkono wa kubadilisha betri. Ni kamera za namna hiyo zilizompiga mwaka 2005, katika Milima ya Udzungwa, sange mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Francesco Rovero, Galen Rathbun na wenzao walimtangaza kuwa spishi mpya mwaka 2008. Kamera iliyo mkononi mwa mtu haimo katika hali hiyo.

Kwa mpiga picha wa ngoma, basi, mpango wa manunuzi waeleweka. Bei ya kishikio cha kiwanda mara nyingi hutosha betri mbili za asili. Betri ya pili itangulie, na pamoja nayo chaja ya pili, kwa kuwa betri ya 80D huchukua saa mbili na nusu kujaa: betri mbili kwa chaja moja ni saa tano, na kishikio hakiongezi hata dakika moja ya umeme. Kishikio kifuate ikiwa picha nyingi ni za wima, au lenzi ni nzito, au kamera ni ya zile zinazoongezewa mwendo. Nacho kinunuliwe baada ya kujaribiwa katika kamera yenyewe, kwani kilichotengenezwa kwa 80D hakiingii katika D700, wala katika kamera nyingi za Canon hiyo hiyo.