Mazoezi Yasiwe Nguvu ya Soda

Siku hizi si jambo geni kukutana alfajiri na kikundi cha watu wazima wakikimbia mchakamchaka barabarani. Wengi wao huanza baada ya kupimwa zahanati na kuambiwa presha imepanda, au baada ya jirani kupatwa na kiharusi. Wiki ya kwanza uwanja hujaa. Wiki ya tatu watu hupungua. Ikifika wiki ya sita hubaki mwenyekiti, katibu na vijana wawili watatu. Ndiyo ile tunayoiita nguvu ya soda: povu likishatulia, hakuna kinachoendelea.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na nini kamati ya parokia inaweza kufanya ili kikundi kilichoanza kidumu.

Tatizo lina ukubwa gani?

Magonjwa yasiyo ya kuambukiza si ya matajiri peke yao tena. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu asilimia 9 walikuwa na kisukari. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa.

Familia zetu zinajua maana ya takwimu hizo. Mzazi akipooza upande mmoja, mwingine huacha kazi ili amuuguze, shamba hubaki bila palizi na ada ya shule hugeuka kuwa nauli ya kwenda hospitali. Mazoezi hayazuii kila ugonjwa, lakini ni kinga ambayo mtu wa kipato chochote anaweza kuimudu.

Kwa nini kuendelea ni muhimu kuliko kukazana?

Mwili hauwezi kutunza mazoezi kama mahindi ghalani. Misuli inapofanya kazi huchukua sukari iliyomo kwenye damu, na baada ya zoezi huendelea kuipokea kwa urahisi kwa muda wa siku moja hadi tatu hivi. Kisha faida hiyo hufifia. Presha nayo hushuka kwa saa kadhaa baada ya zoezi, halafu hurudi ilikokuwa. Ndiyo maana wataalamu hushauri mwenye kisukari asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila kuushughulisha mwili. Hata pumzi za mwanariadha huanza kupungua akiacha mazoezi kwa wiki chache tu.

Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari. Kundi moja lilitakiwa kufanya mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki na kupunguza uzito kwa asilimia 7. Katika kundi hilo, uwezekano wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliotumia dawa ya metformin walipata nafuu ya asilimia 31. Hawa hawakuwa wanariadha. Wengi walitembea kwa haraka tu, ila walikuwa na mtu wa kuwafuatilia kwa ukaribu.

Kiasi gani kinatosha?

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kwa hesabu rahisi, ni nusu saa kwa siku tano. Wenye umri wa miaka 65 na kuendelea wanashauriwa kuongeza mazoezi ya kujenga usawa wa mwili ili wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki.

Kipimo cha zoezi la wastani hakihitaji mashine. Ukitembea ukaweza kuongea na mwenzako lakini ukashindwa kuimba, hapo ndipo penyewe. Kulima, kuchota maji na kwenda sokoni kwa miguu navyo vinahesabika. Kwa hiyo mama anayeshinda na jembe hana deni la kukimbia jioni. Wanaohitaji kujipangia zaidi ni walimu, madereva, wenye maduka, watumishi wa ofisini, na mkulima mwenyewe msimu wa kilimo unapokwisha.

Kwa nini watu huacha?

Kwanza, huanza kwa kasi kubwa. Mtu aliyekaa miaka kumi bila mazoezi hukimbia kilomita tano siku ya kwanza, na kesho yake magoti hayapandi ngazi. Pili, hawana saa maalumu, husema tu "nitafanya nikipata nafasi". Tatu, hutazamia kitambi kiishe ndani ya mwezi. Nne, wakikosa siku moja hujihesabu wameshindwa, nao huacha kabisa.

Semina peke yake haitoshi

Wengi wetu tukiona watu wanaacha mazoezi huitisha semina nyingine ya uhamasishaji. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2002 unatufundisha jambo hapa. Wanafunzi wa chuo kikuu waligawanywa katika makundi matatu. La kwanza halikupewa elimu ya mazoezi wala halikutakiwa kupanga lolote, na asilimia 38 walifanya mazoezi angalau mara moja katika wiki iliyofuata. La pili lilipewa maelezo juu ya hatari za moyo na faida za mazoezi, na waliofanya walikuwa asilimia 35. La tatu lilipewa maelezo hayo hayo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia zoezi. Waliofanya walikuwa asilimia 91.

Maelezo peke yake hayakuongeza kitu. Kilicholeta tofauti ni sentensi moja iliyoandikwa.

Njia zinazosaidia

1. Funga zoezi kwenye jambo unalolifanya tayari. Kwa mfano: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikishafunga duka, nitatembea hadi darajani na kurudi." Shughuli iliyozoeleka hukukumbusha ile mpya.

2. Anza kidogo. Dakika kumi kwa siku zinatosha kwa wiki mbili za mwanzo, kisha ongeza tano tano. Mwendapole hajikwai.

3. Usikate tamaa mapema. Watafiti wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na mwaka 2010 matokeo yao yalichapishwa. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla tendo halijawa la kawaida, ingawa makadirio yalitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Walibaini pia kuwa kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Ukikosa Jumatano, fanya Alhamisi.

4. Uwe na mpango wa siku mbaya. Masika yatakuja, misiba itakuja, safari zitakuja. Amua mapema: mvua ikinyesha utaruka kamba barazani au utakaa na kusimama kutoka kwenye kiti mara 15 kwa raundi tatu.

5. Tafuta mwenzako. Ni rahisi kujidanganya mwenyewe kitandani, lakini ni vigumu kumwacha mtu akikusubiri njia panda.

6. Weka alama kwenye kalenda kila siku uliyofanya. Matokeo ya kwanza si kiuno, bali ni usingizi mzuri, pumzi za kupanda kilima, na baadaye kipimo cha presha.

Kamati ifanye nini?

Kamati ianze na vikundi vidogo vya watu watano hadi wanane wanaoishi jirani, badala ya kusubiri uwanja mmoja wa watu mia. Kila kikundi kiwe na mtu wa kumpigia simu au kumtembelea asiyeonekana mara mbili mfululizo, si kumlaumu bali kujua kulikoni. Wanawake waulizwe saa na njia iliyo salama kwao, kwani giza la alfajiri na kazi za nyumbani huwafanya wengi waache wakati wangependa kuendelea. Wazee wawe na mwendo wao, wasilazimishwe kukimbizana na vijana.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba jambo moja. Fulana na picha za siku ya uzinduzi hutupa moyo, lakini hazionyeshi mabadiliko. Ripoti ioneshe ni wangapi walikuwapo wiki ya kwanza na wangapi waliobaki wiki ya 12. Kipimo cha presha cha kikundi, kamba chache za kuruka na daftari la mahudhurio ni gharama ndogo, navyo huwasaidia watu kuona safari yao wenyewe.

Tahadhari

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia au kisukari amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi mazito. Asiache dawa zake kwa sababu anajisikia vizuri. Anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari, na mwenye kisukari avae viatu visivyombana na akague miguu yake kila siku. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida ni dalili za kusimama mara moja na kwenda kituo cha afya.

Katika kikao kijacho, kabla ya kufunga, mwenyekiti ampe kila mjumbe kipande cha karatasi aandike siku, saa na mahali, kisha amtaje mwenzake wa kwenda naye. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Bandu bandu huisha gogo.