Tetemeko la Inchi: Namna ya Kusaidia kwa Matoleo na kwa Sala

Tarehe 3 ya mwezi wa pili 2008 ilikuwa siku ya Mungu. Watu wa Bukavu na wa Cyangugu walikuwa wakienda kanisani, na wengine walikwisha kuingia, inchi ilipoanza kutikisika. Kwa kipimo cha wataalamu nguvu yake ilikuwa karibu 6. Katika Japani, ambako nyumba zinajengwa kwa kuogopa mambo hayo, tetemeko la namna hiyo mara nyingi haliui mtu. Kwetu kuta za matofali zisizo na chuma zilianguka juu ya wenyeji. Ngambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, wengine walikufa ndani ya kanisa lililowaangukia wakisali. Upande wa Kongo waliokufa walikuwa wachache zaidi, lakini majeruhi walijaa hospitalini, na watu wengi walilala inje usiku, maana inchi iliendelea kutetemeka.

Twaanza na habari hiyo kwa sababu wengi wa wasomaji wetu watafanya kazi yao ya upadri ao ya ukatekista katika inchi za Bonde la Ufa, ambako udongo unapasuka polepole tangu zamani sana. Ziwa Kivu lenyewe limekaa ndani ya ufa huo. Haitakuwa mara ya mwisho. Siku moja watu watasimama mbele ya mlango wa misioni wakiuliza: Padri, tufanye nini? Na siku nyingine habari itatoka mbali, na katekista ataulizwa: Sisi masikini tutawasaidia namna gani watu wa ngambo ya bahari? Maulizo haya mawili yana jibu moja kwa sehemu kubwa. Tunataka kulieleza kwa njia ya mambo yaliyotokea Haiti, maana huko ulimwengu wote ulitoa, na huko vilevile ulimwengu ulionyeshwa ginsi mtu anavyoweza kutoa vibaya.

Tetemeko la Haiti lilitokea tarehe 12 ya mwezi wa kwanza 2010, saa za jioni, karibu na mji mkuu Port-au-Prince. Nguvu yake ilikuwa 7. Serikali yao ilihesabu wafu zaidi ya 200,000. Wengine wamehesabu wachache kuliko hao, lakini hakuna anayesema kwamba walikuwa wachache. Kanisa kuu la Mama Maria lilianguka. Askofu mkuu Joseph Serge Miot alikufa siku hiyo. Seminari kubwa ilibomoka na wafratri wakafa ndani yake, vijana waliokuwa wakisoma vitabu vilevile mnavyosoma ninyi. Zilda Arns, mganga wa watoto kutoka Brezili, mama aliyeanzisha kazi ya Eklezia ya kuokoa watoto wachanga katika inchi yake, alikuwa amefika kuwafundisha watu kazi hiyo. Naye alikufa katika jengo la kanisa.

Kesho yake, siku ya tatu ya juma, Papa Benedikto XVI aliwaomba watu wote mambo mawili kwa pamoja: kusali na kutoa. Hata serikali ya Kongo iliahidi dola milioni 2 na nusu. Wakongomani wengi walinungunika wakati ule: mwenye njaa atamlisha nani? Sisi tunafikiri kwamba manunguniko hayo yalikuwa na haki nusu. Paulo Mtume anawasifu Wakristu wa Makedonia kwa sababu walitoa katika umasikini wao, na wala hakuwaambia wangoje kwanza kuwa matajiri. Lakini yule mjane wa Evanjili alitoa feza zake mwenyewe, siyo za jirani. Mkubwa anayetoa mali ya wote imempasa kwanza kuwaeleza wenye mali. Tena Haiti si wageni kwetu. Mababu wengi wa Wahaiti walichukuliwa utumwani kutoka inchi za Kongo, na kisha uhuru wa 1960 walimu na waganga wa Haiti walikuja kwa wingi kufanya kazi katika mashule na mahospitali yetu. Wazee wengine wa Kongo walifundishwa nao.

Basi misaada ikaja. Waliotolewa chini ya vifusi wakiwa wazima, wengi sana walitolewa na majirani wao kwa mikono na kwa majembe, mbele ya kufika kwa ndege za wageni. Neno hilo lisisahauliwe: msaada wa kwanza ni mtu anayekaa karibu. Kisha vitu vikaanza kufika, lakini uwanja wa ndege ulikuwa na njia moja tu ya kutua, na magati ya bandari yalikuwa yamevunjika. Kila sanduku la kitu kisichohitajiwa lilikamata nafasi ya dawa. Nguo kuukuu zilizotumwa kwa moyo mwema kabisa zilihitaji watu wa kuzichagua, depo ya kuziweka na gari la kuzibeba, na gari hilo lingeweza kubeba maji. Katika Turkia na Siria, mwezi wa pili 2023, mambo yalikuwa mengine: kulikuwa baridi kali, na blangeti liliweza kuokoa mtu. Anayejua lipi linahitajiwa ni yule aliye mahali penyewe. Ndiyo maana Caritas ya inchi iliyopigwa ndiyo inayosema vitu gani vinatakiwa, na Caritas za inchi nyingine zinaisikiliza.

Kuna mabaya mawili mengine yaliyotokea huko, nasi hatutayaficha. La kwanza: watu wa dini kutoka Marekani walikamatwa mwisho wa mwezi wa kwanza wakiwapeleka watoto 33 ngambo ya mpaka bila ruhusa, wakisema ni yatima. Ikaonekana kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi wazima. Mtoto aliyepotea katika msiba atafutiwe kwanza mama yake, baba yake, shangazi yake, hata kama misioni ina vitanda vyeupe na maziwa. La pili ni kipindupindu. Mwezi wa kumi wa mwaka uleule ugonjwa huo uliingia katika mto Artibonite kutoka kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa, waliokuwa huko kulinda amani. Uliua watu karibu 10,000, na ni katika mwaka 2016 tu mkubwa wa Umoja wa Mataifa aliomba musamaha. Choo kibaya cha msaidizi kiliua kuliko matetemeko mengi. Fratri anayekwenda kusaidia katika kambi ajue kuchimba choo mbali na maji mbele ya kujua kuhubiri humo.

Sasa tuje kwa matoleo yenyewe. Paulo Mtume alipokusanya feza juu ya masikini wa Yeruzalemu aliweka utaratibu ambao twashangaa kuona unafaa hata leo. Kila mtu aweke kitu kando siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya mapato yake, ili kusiwe na haraka siku ya mwisho. Wakorinti wachague wenyewe watu wa kupeleka zawadi. Naye Paulo, mtume mzima, hakutaka kuchukua feza peke yake: alitaka wenzake waandamane nazo, mtu asipate neno la kumsingizia. Ikiwa Paulo aliogopa masingizio, sisi ni nani tusiogope?

Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 inasema hayohayo kwa maneno ya sheria. Kanuni ya 1266 inampa Askofu uwezo wa kuagiza matoleo ya pekee katika makanisa yote kwa shida fulani. Kanuni ya 1267, fungu la 3, inakataza kutumia kwa jambo lingine feza zilizotolewa kwa jambo moja maalum. Na kanuni ya 1287 yadai waamini waelezwe hesabu ya matoleo yao. Mfratri anaweza kujibu hayo yote katika mtihani, kisha akajaribiwa vikali siku ya kwanza ya kuwa padri wa parokia.

Maana jaribu lenyewe halina sura ya wizi. Tunaijua parokia moja ambamo Wakristu walitoa juu ya watu waliopigwa na msiba. Wakati uleule upepo ukaezua paa la shule. Padri akawaza: feza hizi zikilala kwenye sanduku zitafanya nini? Tutengeneze paa, tutarudisha mwezi ujao. Mwezi ujao haukuja. Watoto walisoma chini ya mabati mazuri, hakuna aliyekula hata franka moja, lakini matoleo mawili yaliyofuata yalitoa kapu karibu tupu, na mama mmoja mzee akamwambia katekista: Mwanangu, mimi nilimpa aliyelala inje, sikumpa mwalimu. Katekista hakuwa na jibu, maana mama huyo alikuwa ameijua kanuni ya 1267 pasipo kusoma Kilatini.

Kwa hiyo feza zihesabiwe na watu wawili ao watatu mbele ya kutoka kanisani, ziandikwe, zisilale katika nyumba ya padri, zipelekwe kwenye Caritas ya jimbo. Ikiwa shida ni mbali, wale wa vijijini wasio na feza walete maharagwe, mahindi, kuku, nayo yauzwe sokoni siku ileile, maana mahindi ya Katanga hayatafika Port-au-Prince. Ikiwa shida ni karibu, kama Bukavu, gunia la maharagwe lenyewe linafaa kuliko bei yake, kwa kuwa siku kama zile bei ya sokoni hupanda, na masikini ndiye anayeumia.

Na sala? Wengine huisema kama maskini anayeomba radhi: sisi hatuna kitu, tutawaombea tu. Neno hilo «tu» si la Kikristu. Lakini sala inaweza nayo kuharibika. Kisha tetemeko la Haiti, mhubiri mmoja wa Marekani alitangaza katika televisheni kwamba Wahaiti wanalipa deni la agano la mababu wao na Shetani. Maneno ya namna hiyo twayasikia hata kwetu, kando ya kaburi ambalo halijafunikwa. Yezu aliulizwa jambo hilo, akakumbusha mnara wa Siloamu ulioua watu 18: hawakuwa wakosefu kupita wenzao wa Yeruzalemu. Yule anayetaka kusali juu ya waliopigwa aanze kwa kukubali jibu hilo.

Misale ya Roma ina Misa ya wakati wa tetemeko la inchi, kati ya Misa za mahitaji mbalimbali. Kukiwa na shida kubwa, Askofu anaweza kuagiza ao kuruhusu Misa ya namna hiyo hata siku ya Mungu ya kawaida, lakini siyo siku za Mungu za Majilio, za Kwaresima na za Pasaka, wala siku kuu kubwa. Siku hizo Sala ya Waamini inatosha, ikiwa inataja mahali kwa jina lake. «Tuwaombee wote wenye taabu» ni sala ya mtu asiyejua anaombea nani. Kanuni ya 945 nayo inawashauri mapadri watoe Misa kwa nia za waamini, zaidi sana za masikini, hata pasipo kupokea kitu. Mtu aliyepoteza nyumba na mke asiulizwe mchango wa Misa ya marehemu wake.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni la saa. Juma la kwanza wote wanatoa na wote wanasali. Mwezi wa sita wanaokumbuka ni wachache, na hapo ndipo nyumba zinaanza kujengwa. Port-au-Prince kanisa kuu lilibaki gofu kwa miaka mingi. Fratri aandike katika daftari lake tarehe za misiba ya jimbo lake. Tarehe 3 ya mwezi wa pili, kwa mfano, ni ukumbusho wa Mtakatifu Blasi, na watu huja kubarikiwa shingo kwa mishumaa miwili. Watu wamekwisha kukusanyika. Waombewe papo hapo wafu wa 2008, wa pande mbili za Ruzizi.