Mali Bila Daftari

Mwaka 1947 katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilionekana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi, Bwana John Williamson, aliitoa iwe zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya bizimu lenye umbo la ua. Safari yote ya jiwe hilo imeandikwa. Lakini taa na sururu za watu waliochimba, na vipande vyao vya kazi, vimeandikwa na nani?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba za Shinyanga, Kahama na Geita imo hazina kubwa isiyo na daftari. Mzee mmoja anayo picha ya wachimbaji wa Geita kabla mgodi ule wa zamani haujafungwa mwaka 1966. Mama mwingine anazo stakabadhi za pamba za chama cha ushirika. Mwingine anayo kadi ya TANU ya miaka ile ambayo Serikali ya kikoloni ilikataza matawi yake Usukuma, toka 1954 hadi 1958. Au anayo picha ya mwaka 1958, watu wa Geita walipolikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, wakaenda Mwanza kudai haki. Mwenyewe akifa, sanduku hufunguliwa na vijana wasiojua kitu, na karatasi huwashiwa moto wa jikoni.

Si kwamba hatuna mfano wa kufuata. Huko Bujora, Kisesa, karibu na mji wa Mwanza, Padre David Clement wa kutoka Kanada na wazee wa Kisukuma walianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya wenyeji. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Lakini ngoma zao zingali zatazamwa Bujora, katika nyumba iliyojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kilichokuwa cha ukoo mmoja kimekuwa somo la watu wote.

Lakini si kila mtu atakubali kuitoa ngoma ya babu yake, wala si haki kumlazimisha. Hapo ndipo intaneti inapotufaa. Kwa simu ya mkononi mtu aweza kupiga picha ya kitu chake na kukionyesha katika maktaba ya watu wote, kama Wikimedia Commons iliyoanzishwa mwaka 2004, na kitu chenyewe kikabaki nyumbani. Picha tupu, hata hivyo, ni bubu. Yapasa iandikwe jina la kitu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kilitumiwaje, kilipatikana mwaka gani, na kwa njia gani. Duara la kombe la baharini lililovaliwa na mtemi si pambo tu: ni ushahidi wa wapagazi waliokwenda pwani na kurudi kwa miguu.

Twawaonya wasomaji wetu katika mambo matatu. Kwanza, picha ikishatolewa huko, mtu ye yote aweza kuitumia, hata kwa biashara; basi mwenyewe aelezwe hayo kabla hajakubali. Pili, vitu vya mizimu ni siri ya ukoo, na baraza la ukoo ndilo lenye neno la mwisho. Tatu, isitajwe nyumba kitu kilimo, maana walanguzi nao husoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kupeleka vitu vya namna hiyo nchi za nje bila ya kibali. Lakini sheria haiwezi kukilinda kitu kisichojulikana kuwa kipo.

Ndugu wafanya kazi, kazi hii haingoji fedha za Serikali. Kijana mwenye simu na mzee mwenye kumbukumbu wakiketi pamoja jioni moja, daftari limekwisha anza. Jiwe la Mwadui lilipata waandishi kwa kuwa lilikwenda kwa wakubwa. Kipande cha kazi cha baba yako hakitampata mwandishi mwingine ila wewe.